Max Brand alizika wazazi wote utotoni, akaandika riwaya za kauboi kwa jina lisilo lake. Ni msiba au ni pesa?

#1 Kabati la Vitabu
Wakuu, salaam.

Naleta hoja kuhusu Max Brand, yule wa riwaya za kauboi. Jina alilopewa na wazazi ni Frederick Schiller Faust. Alizaliwa Seattle mwaka 1892, familia ikahamia California, bonde la San Joaquin, maisha ya kuungaunga. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 8. Alipofika 13, baba naye akaondoka. Kuanzia hapo akawa mtoto wa kulelewa na ndugu, huku akifanya vibarua kwenye mashamba na ranchi za watu.

Mtu huyohuyo akaja kuandika maneno yanayokadiriwa kufika milioni 25 hadi 30, sehemu kubwa ikiwa hadithi za Western, yaani za kauboi. Watu wengi humtaja kama mashine ya kuchapa hadithi za haraka. Mimi nasema ule ni msiba ambao haukuwahi kumalizika. Chukueni riwaya yake ya kwanza ya kauboi, The Untamed, iliyotoka kwenye gazeti la All-Story Weekly mwishoni mwa 1918, kisha ikawa kitabu 1919. Shujaa wake, Dan Barry, ni mtoto asiyejulikana kwao. Mwenye ranchi alimkuta nyikani anatembea peke yake, anapiga mluzi, anawafuata bata bukini wa mwituni waliokuwa wanaruka juu. Akamchukua akamlea. Ndugu zake wa kweli ni farasi mweusi na mbwa mwenye damu ya mbwamwitu. Na kitabu kinapoisha, bata wanapita tena na Dan anaondoka, anamwacha binti anayempenda.

Mtu ambaye hajawahi kukosa kwao hawezi kuandika hivyo. Karibuni.

#2 Msuli wa Kaskazini
Uzi wa maana leo. Nimeshavuta kiti, waje wenye vitabu vyao.

#3 Hesabu Kwanza
Mkuu #1, umeandika vizuri lakini umeruka jambo kubwa: hela.

Katika miaka ya 1920 Faust aliliandikia gazeti la Western Story Magazine la kampuni ya Street & Smith zaidi ya maneno milioni moja kwa mwaka. Malipo yake yalipopanda kabisa yalikuwa senti 5 kwa neno. Piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka ni dola za miaka ile. Na bado alikuwa anadaiwa! Alikwenda Italia akapanga jumba Florence, akaishi kifahari pamoja na mke na watoto, na madeni hayakuisha. Mtu anayedaiwa haulizwi kwa nini anaandika. Anaandika kwa sababu mwisho wa mwezi unakuja.

Angekuwa analilia wazazi angeandika kitabu kimoja au viwili vya uchungu. Huwezi kulia maneno milioni kwa mwaka.

#4 Mwalimu Mstaafu
Wote wawili mnamsoma kuanzia katikati. Faust hakutaka kuwa mwandishi wa kauboi hata siku moja. Alitaka kuwa mshairi.

Miongoni mwa ndugu waliomchukua alikuwemo Thomas Downey, mkuu wa shule ya sekondari Modesto. Huyo ndiye aliyemfungulia vitabu vya kale vya Wagiriki na mashairi makubwa ya Kiingereza. Kijana akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaandika sana kwenye majarida ya wanafunzi, akagombana na wakubwa wa chuo, na mwaka 1915 akatoka bila shahada. Mashairi aliyatoa kwa jina lake halisi, Frederick Faust. Riwaya za kauboi hakuziwekea jina hilo. Asubuhi aliipa mashairi, tena polepole, beti kwa beti. Mchana ndipo mashine ya chapa ilipoanza kulia kwa ajili ya magazeti.

Kwa hiyo ukimsoma Dan Barry, usiishie kuona yatima. Muone Akile, yule shujaa wa vita wa mshairi Mgiriki Homer, amevaa buti na kofia pana. Wale mashujaa wake wasioshindika wametoka kwenye rafu za Mwalimu Downey, hawakutoka makaburini.

#5 Kabati la Vitabu
Mwalimu, shikamoo. Lakini angalia: huyo Downey angemfikiaje kama wazazi wangekuwa hai? Kifo ndicho kilichompeleka kwenye hiyo rafu.

#6 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kumpeleka mtu mlangoni ni jambo moja, anachokikuta ndani ni jambo jingine. Yatima walikuwa wengi bonde lile.

#7 Ink na Chai, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Kuna mtu mnamsahau: mhariri. Bob Davis wa magazeti ya Munsey, New York.

Inasimuliwa kwamba Faust alipofika ofisini kwake mara ya kwanza, Davis alimpa wazo la hadithi, akamwonyesha chumba chenye mashine ya chapa. Kijana akarudi siku hiyohiyo na hadithi iliyokamilika. Alilipwa dola 78. Ilichapishwa Machi 1917, mwaka uleule aliomwoa Dorothy Schillig. Sasa, kauboi ziliingiaje? Wakati ule Zane Grey ndiye mwandishi wa kauboi aliyekuwa akiuza kuliko wote, na alikuwa ameshahamia majarida yanayolipa zaidi. Davis akabaki na pengo. Akamsukuma Faust alizibe.

Hivyo tu. Soko lilikuwa na kiti kitupu na kijana mwenye njaa alikuwa mlangoni. Grey angebaki pale, huenda tungemjua Faust kwa hadithi za maharamia.

#8 Hesabu Kwanza
#7 umenisaidia sana. Soko, soko, soko.

#9 Mlelewa
Huwa nasoma tu humu, leo nitaandika.

Nilifiwa na wazazi wote kabla sijamaliza shule ya msingi. Nikalelewa na baba mkubwa, Njombe. Hakuninyanyasa, Mungu amrehemu. Lakini mtoto wa kulelewa anajua vitu ambavyo hafundishwi. Nilikuwa nasubiri wenzangu wapakue kwanza, halafu naangalia sufuria limebaki kiasi gani ndipo nachota. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nikiosha vyombo nilikuwa naosha vyote, hata visivyokuwa vya zamu yangu, mtu asije akapata la kusema.

Ndugu #3 anasema yatima angeandika kitabu kimoja cha uchungu. Hapana. Yatima anafanya kazi kupita kiasi, kwa sababu ndani yake anaona nafasi yake pale nyumbani si ya haki, ni ya kulipia. Nikisoma habari za mtu aliyeandika maneno milioni kwa mwaka, naona kijana anayeosha vyombo vya watu wote.

Na lile jumba la Florence silioni kama anasa tu. Mtu ambaye hakuwa na kwao akipata hela, cha kwanza anajenga kwao, tena pakubwa kupita uwezo wake.

#10 Msuli wa Kaskazini
#9 nakupa heshima zangu zote.

#11 Pwani Moja
Pole sana #9, Mungu awape wazee kauli thabiti.

Mie naomba kuuliza kuhusu lile jina. Kwa nini Max Brand? Nimesoma mahali kwamba ni kwa sababu Faust ni jina la Kijerumani na Marekani ilikuwa inaingia vitani na Ujerumani mwaka 1917. Ni kweli?

#12 Ink na Chai, Nakuru
Ni kweli kwa hilo jina la kwanza, ila haitoshi. Alikuwa na majina karibu 20: George Owen Baxter, David Manning, Evan Evans, Peter Henry Morland na mengine. Vita viliisha 1918 na majina yakazidi kuongezeka. Sababu ya haya mengine ni ya kibiashara. Toleo moja la Western Story Magazine liliweza kubeba hadithi zake mbili au tatu kwa pamoja. Mhariri hawezi kuchapa jina moja mara tatu kwenye jedwali la yaliyomo, msomaji ataona kauziwa mtu mmoja.

#13 Mwalimu Mstaafu
Ongeza la tatu: aliona haya. Aliwahi kuwaandikia watu wake kwamba anamshukuru Mungu kwa kuandika chini ya jina la kubuni. Mashairi ndiyo aliyoyaona kuwa kazi yake. Kilichokuja kumuuma ni kwamba mashairi hayakusomwa, na hadithi alizozifichia jina zikasomwa dunia nzima.

#14 Simulizi za Usiku
Hapa mmenigusa kwenye kazi yangu. Mimi naandika hadithi za kuendelea kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji analipia kwa simu ndipo anatumiwa sehemu zinazofuata. Natumia majina mawili, moja la mapenzi na jingine la upelelezi, na hakuna hata moja lililo kwenye kitambulisho changu. Mama yangu hajui.

Nawaambieni jambo la kazi hii ambalo msomaji halioni. Ukishakuwa na watu wanaosubiri sehemu ya 14 saa mbili usiku, huna muda wa kuchagua utaandika nini. Mkono unachukua kilicho karibu, na kilicho karibu ni kile kinachokuuma. Mimi nilishtuka msomaji mmoja aliponiandikia: "Mbona katika hadithi zako zote baba yuko safarini?" Sikuwa nimepanga. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu.

Kwa hiyo hela ya #3 na msiba wa #1 vinaweza kukaa kwenye karatasi moja. Deni linakukalisha kwenye kiti, halafu vidole vinakwenda vinakojua.

#15 Hesabu Kwanza
Simulizi, hoja yako nzito. Lakini ukisema hivyo kila mwandishi anageuka mfiwa. Mhariri wa Western Story, Frank Blackwell, alikuwa akidai mikasa ya aina mbili tu: kumwinda mtu hadi akamatwe, au siri inayochelewa kufichuka. Shujaa asiyejua baba yake ni siri ya bure kabisa kwa mwandishi! Inajaza sura 20. Huoni kwamba yatima ni kifaa cha kazi?

#16 Kabati la Vitabu
Blackwell aliomba siri. Hakuomba siri iwe baba. Ingeweza kuwa dhahabu iliyofichwa, hati ya shamba, mauaji ya zamani.

#17 Sinema ya Mtaa
Mimi nilimjua kwa filamu, sikujua kama kuna kitabu. Ile Destry Rides Again ya 1939, James Stewart na Marlene Dietrich. Naibu sherifu mpole asiyetembea na bastola. Faust alikuwa na roho nzuri kutunga mtu kama yule.

#18 Ink na Chai, Nakuru
#17, naibu sherifu huyo ni wa watu wa filamu. Kitabu cha 1930 ni kingine kabisa. Destry wa Faust anafungwa kwa kosa ambalo hakutenda, anatoka gerezani, na anawafuata mmoja mmoja wale wazee wa baraza waliomtia hatiani. Filamu ilichukua jina tu na kuondoka nalo. Ya 1932 aliyocheza Tom Mix ndiyo iliyokaribia kidogo.

Na kama mnapenda habari za hospitali, Dkt. Kildare pia ni wake. Alimtoa kwenye jarida la Cosmopolitan mwaka 1936, baadaye Hollywood wakafanya mfululizo mzima.

#19 Binti wa Maktaba
Habari zenu. Naona uzi mzima mnazungumzia wanaume, niruhusuni nilete dada yetu: Dorothy M. Johnson. Alizaliwa Iowa 1905, akakulia Whitefish, Montana. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, mama akahangaika na kazi. Alipokuwa kijana aliolewa, ndoa haikudumu, na mume akamwachia madeni ya kamari. Alifanya kazi akayalipa yote.

Mwaka 1930 aliuza hadithi kwa jarida la Saturday Evening Post, akapata dola 400. Akadhani mlango umefunguka. Ikapita miaka 11 bila kuuza nyingine! Muda mwingi wa katikati alikuwa New York akihariri majarida ya watu, huku akiandika Montana kwa kumbukumbu. Ndipo zikaja The Man Who Shot Liberty Valance na A Man Called Horse, ambazo wengi wanazijua kama filamu na hawajui kwamba zimeandikwa na mwanamke. Alifariki 1984. Kaburi lake Whitefish lina jiwe lenye neno moja linalosema deni limelipwa.

Huyu hapa ni mfiwa, mdaiwa, na mwandishi wa Western, lakini hadithi zake ni fupi na chache. Kwa hiyo #9, pamoja na heshima, si kila aliyefiwa anaandika kwa kasi. Na #3, si kila mdaiwa anaandika kwa kasi pia.

#20 Msuli wa Kaskazini
Binti kawafunga mabao mawili kwa mpira mmoja. Hesabu Kwanza, rudi kwenye kikokotoo.

#21 Hesabu Kwanza
Johnson alikuwa na mshahara, tena baadaye akafundisha chuo kikuu Missoula. Faust alikuwa na kalamu peke yake. Kikokotoo bado kinafanya kazi.

#22 Daktari wa Mifugo
Jamani, moyo! Hakuna aliyetaja moyo.

Mwaka 1921 Faust aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo ambao ungeweza kumuua saa yoyote. Alizunguka kwa madaktari, akafika mpaka kwa Carl Jung, yule daktari mashuhuri wa akili wa Uswisi, walipokutana Uingereza. Jung hakumchukua kama mgonjwa, akamshauri aishi maisha ya kawaida, yaliyopungua mambo. Hakufuata. Wazazi wote wawili walikuwa wamekufa mapema, na yeye kaambiwa moyo mbovu. Mimi naona mtu anayekimbizana na saa. Hata ile milioni ya maneno kwa mwaka imeshika kasi katika miaka hiyohiyo ya 1920.

#23 Kabati la Vitabu
#22 asante, na umenikumbusha jambo. Mwaka huohuo wa 1921 ndipo alipomaliza habari za Dan Barry kwa The Seventh Man. Dan sasa ana mke, Kate, na binti mdogo, Joan. Damu ya nyika inamrudia, anaua watu, anataka kumchukua mtoto akaishi naye porini. Kate anampiga risasi ili kumwokoa mtoto.

Fikirini. Yule yatima aliyeokotwa akifuata bata, mwandishi wake hakumpa mwisho wa raha. Alimfanya baba, kisha akamuua mbele ya familia yake, na akabaki mtoto mwingine bila baba. Nani alimlazimisha? Kibiashara ni hasara, shujaa anayeuzika ungemwacha hai uendelee kuvuna.

#24 Mwalimu Mstaafu
Hiyo ni tanzia ya Kigiriki kabisa. Mke kumuua mume aliyerudi, Agamemnoni huyo. Nimesimama palepale.

#25 Pwani Moja
Mwalimu hatoki kwa Wagiriki hata umvute kwa kamba.

#26 Bara Hadi Bara
Kuna Karl May pia, yule Mjerumani aliyetunga riwaya za Winnetou. Watoto 14 kwao, tisa walikufa wachanga. Alifungwa kwa wizi na udanganyifu, akaja kuwa tajiri kwa hadithi za Marekani ya magharibi aliyokuwa hajaikanyaga. Alifika Marekani 1908 akiwa mzee, akaishia Buffalo, jimbo la New York, hata huo uwanda wa makauboi hakuuona.

Nauliza: kuna nini kwenye Western kinachowavuta waliofiwa? Labda kwa sababu kule mtu haulizwi ametoka kwa nani. Anaingia mjini na farasi, anapimwa kwa anachofanya.

#27 Mlelewa
#26, hapo ndipo. Nilipokuwa mdogo swali nililoliogopa kuliko yote ni "wewe mtoto wa nani?" Lilikuwa linaulizwa kwa wema, dukani, kisimani, kanisani. Nchi ambayo swali hilo halipo ningehamia bila kufunga mizigo.

#28 Ink na Chai, Nakuru
Tumalizie na kifo cha Faust, kwa sababu nacho kina utata. Mwaka 1944 alikuwa na miaka 51, moyo mbovu, tayari ana kazi Hollywood. Akaomba kwenda vitani kama mwandishi wa Harper's Magazine. Akapelekwa Italia, nchi aliyoishi miaka mingi, akaungana na askari wa miguu wa Marekani. Hakutaka kukaa nyuma, aliomba kwenda na wanaotangulia. Tarehe 12 Mei, shambulio la Santa Maria Infante, akapigwa na vipande vya kombora, akafa.

Wapo wanaosema alikuwa anafuta aibu ya ujana wake: alijiunga na jeshi la Kanada 1915 akitaka kupigana, hakupelekwa vitani, akatoroka. Wapo wanaosema alikuwa anatafuta habari ya kitabu kikubwa ambacho hatimaye angekitia jina lake mwenyewe.

#29 Daktari wa Mifugo
Au alijua moyo utamchukua kitandani, akachagua pengine.

#30 Kijana wa Posta
Wakuu nimesoma uzi wote tangu mwanzo, nashukuru. Wauza vitabu vya mitumba hapa Dar nimewauliza, wana yule mwandishi mwingine wa kauboi, Louis L'Amour, tu. Nianzie wapi na huyu Faust, na napata wapi?

#31 Kabati la Vitabu
Anza na The Untamed. Haki yake ya kunakili imeshakwisha Marekani, utaipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unapakua kwenye simu. Usikate tamaa kwa lugha ya wahusika, maneno yao yameandikwa kwa matamshi ya kimagharibi, ukisoma kwa sauti yanaeleweka. Halafu nenda The Night Horseman, kisha The Seventh Man.

#32 Hesabu Kwanza
Akimaliza hizo asome na Destry, halafu aje aniambie huyo yatima yuko wapi mle ndani. Mle kuna kisasi tu.

#33 Kabati la Vitabu
Yumo Willie. Mtoto wa kiume anayemfuata Destry kila anakokwenda. Kisome tena uangalie Willie anamtafuta nani.